Mabinti wakisoma peke yao shule ya msingi, ni nini hasa kinachowafungua midomo?

#1 Mama Furaha
Habari za jioni wana jukwaa. Naleta dai, mnipinge kwa hoja.

Binti yangu alisoma shule ya kutwa ya mchanganyiko hapa Arusha hadi la nne. Kila kikao cha wazazi mwalimu wa hisabati alinipa maneno yaleyale: anaweza, ila mkono haunyanyuki. Alipoingia la tano tukamhamishia shule ya bweni ya wasichana watupu. Likizo ya Juni karudi anabishana na kaka yake wa kidato cha kwanza juu ya sehemu na desimali, na habanduki mpaka kaka akubali kuchukua karatasi wapige hesabu. Wageni wa baba yake walipomuuliza habari za shule alisimama akawaeleza bweni lao linavyogawana zamu za kumwagilia mchicha, nani anashika daftari la zamu, na nini humpata anayekwepa.

Mtaala ni uleule. Lugha ya kufundishia ni Kiingereza huku na kule. Dai langu: kilichomfungua mdomo ni kukosekana kwa wavulana darasani, siyo kingine. Nani anapinga?

#2 Mjomba Kazi
Napinga. Shule hiyo ilimpa mtihani wa kujiunga kabla ya kumpokea? Kama ilimpa, imeshachuja watoto mlangoni. Walioingia ni wale ambao wazazi wao wana ada, wanafuatilia, na wameshaamua kwamba mtoto wa kike asome. Watoto wa namna hiyo hata ukiwachanganya na wavulana watasema. Tuambie pia darasani wako wangapi.

#3 Mama Furaha
Mtihani ulikuwepo, ndiyo. Darasani wako 31, alikotoka walizidi 50. Ila mtoto ni yuleyule, Mjomba. Ada nililipa hata kule, na kufuatilia nilifuatilia. Mtihani wa kujiunga unachagua mtoto, haumbadilishi.

#4 Mjomba Kazi
Kwa mtoto wako nakubali. Lakini mambo matatu yamebadilika kwa mpigo: wavulana hawapo, darasa limepungua sana, na yeye ameondoka nyumbani. Huwezi kuchukua moja ukalipa sifa zote.

#5 Chaki Nyeupe
Nafundisha la tano na la sita, shule ya serikali, mchanganyiko. Kiwango cha wizara ni mwalimu mmoja kwa watoto 45. Walioko shule za mjini wanajua hali halisi. Kipindi ni dakika 40. Uliza "robo ya 60 ni ngapi?" uone. Hujamaliza kuuliza vidole vinapigwa, "Mimi mwalimu! Mimi mwalimu!", wengine wameshatoka kwenye dawati. Karibu wote ni wavulana. Wasichana jibu wameliandika kwa penseli pembeni mwa daftari, unaliona ukipita kati ya madawati. Mwalimu anayekimbizana na kipindi humchagua aliyepiga kelele ili mada iende.

Hakuna aliyemkataza msichana kusema hapo. Zamu yake haikufika tu. Ndiyo maana nipo katikati yenu wawili: wavulana wanakuwa kikwazo pale darasa linapofurika.

#6 Binti Lamu
Niongeze ya huku Kenya, maana naona wengi wenu mkisikia shule ya msingi ya wasichana mnawaza bweni. Pwani kwetu zipo za mjini, watoto wanatoka makwao asubuhi na kurudi. Mombasa mna Star of the Sea, mna Mbaraki Girls. Mimi nilisoma ya aina hiyo: asubuhi shule, alasiri madrasa, magharibi jikoni.

Chaki Nyeupe, darasani tulibanana watatu watatu kwenye dawati, na tulisema! Hesabu tulishindana safu kwa safu, safu ikishindwa inafagia. Kwa hiyo msongamano tulikuwa nao na midomo ilikuwa wazi. Hapo nampa Mama Furaha pointi yake.

Nilipokwama ni nyumbani. Kaka zangu wakitoka madrasa waliingia uwanjani, mimi niliingia kwenye masufuria. Kazi ya nyumbani ya shule niliifanya usingizi umeshanikamata. Mtoto wa bweni ana prepu jioni, yaani muda wa kujisomea, na hakuna wa kumwita aje achambue mchele. Hilo nalo lihesabiwe.

#7 Mzee wa Mchakamchaka
Vijana, miaka ya sabini sisi tulikimbia mchakamchaka jua halijatoka, wavulana na wasichana pamoja. Mwimbishaji wetu alikuwa msichana wa la sita, shule nzima tunaitikia sauti yake. Darasani ndiye aliyesimama wa kwanza. Wavulana tulikuwa tele. Yeye nani alimfungua mdomo?

#8 Dada Mkuu Mstaafu
Shikamoo Mzee. Naona umejijibu: alipewa kazi ya kuongoza.

Nimesoma shule za aina zote mbili, kwa hiyo nasema nilichokiona. Kwenye mchanganyiko kuna kaka mkuu na dada mkuu. Kaka mkuu anapanga mistari ya paredi, anapokea amri kwa mwalimu wa zamu, anatangaza. Dada mkuu anasimamia ufagio na usafi wa vyoo. Kwenye shule ya wasichana hakuna wa kuachiwa. Kengele anagonga msichana. Bendera anapandisha msichana. Ukumbi ukitaka madawati, wasichana wanabeba. Nyasi wanafyeka wao, stoo wanahesabu wao magunia ya mahindi na maharage pamoja na mpishi, kwenye mdahalo pande zote mbili wamesimama wao, na anayegonga meza kutuliza ukumbi ni wao. Mtoto akikaa miaka mitatu katika hali hiyo, kusimama mbele ya wageni wa baba ni jambo la kawaida tu.

Kwa hiyo mimi sisemi ni wavulana, wala ada. Ni vyeo. Shule ya mchanganyiko ikiamua kugawa vyeo kwa haki inaweza kufika palepale.

#9 Mzee wa Mchakamchaka
Marahaba binti. Ila kubeba madawati hata mchanganyiko walibeba, nyinyi ndio mlikuwa mnajificha.

#10 Dada Mkuu Mstaafu
Mzee! Mimi nilibeba la mwalimu mkuu, lile la mninga.

#11 Msomaji wa Usiku
Swali la pembeni. Bweni kwa shule za msingi si zimepigwa marufuku? Mama Furaha asije akaambiwa mtoto arudi katikati ya muhula.

#12 Chaki Nyeupe
Kwa Tanzania siyo zote. Waraka wa Elimu Na. 2 wa mwaka 2023 ulizuia bweni kwa awali hadi darasa la nne, kuanzia Machi mwaka huo. La tano na kuendelea halikuguswa. Mtoto wa Mama Furaha yuko salama.

#13 Nyanda za Kajiado
Na kwa Kenya, Novemba 2022 ilitangazwa kwamba bweni lifutwe kuanzia gredi ya 1 hadi ya 9. Huku kwetu umasaini watu tulishika vichwa, na naomba nieleze kwa nini, kwa sababu hoja zote mlizoleta hazijafika huku.

Kajiado kuna shule ya msingi ya bweni ya wasichana ya kanisa la AIC, ilianza 1959. Ilijengwa kwa ajili ya wasichana wa Kimasai, wakati ambapo familia ikimpeleka mtoto shule ilimpeleka mvulana. Mwalimu Priscilla Nangurai alipokuwa mkuu wa shule alijulikana nchi nzima kwa kuwapokea wasichana waliokimbia kukeketwa na kuozwa. FAWE, lile jukwaa la wanawake wana elimu wa Afrika lililoanzishwa 1992, likaifanya moja ya shule zake za mfano. Sheria ya Watoto ilikuja 2001, ya kupiga marufuku ukeketaji 2011. Bweni lilitangulia sheria zote mbili.

Mimi nimefundisha katika shule za eneo hili, siyo hiyo niliyoitaja. Msichana wa miaka kumi anafika usiku amevaa shuka na hana kiatu. Huyo suala la kunyanyua mkono litamfikia baadaye sana. Wiki za kwanza anakula na kulala. Anajifunza kwamba kengele ya saa kumi na moja unusu ni ya kuoga, haina hatari. Anapangiwa dada wa kulala jirani naye, mara nyingi msichana aliyefika kwa njia hiyohiyo mwaka mmoja kabla. Halafu siku moja unasikia amecheka kwenye mchezo wa kati, ule wa kukwepa mpira, mpira umempiga na anakataa kutoka. Ukisikia hivyo jua na hesabu itakuja.

Likizo ya Desemba ndiyo ngumu. Ni msimu wa sherehe za ukeketaji, na wengine hawaendi nyumbani mpaka wazee, chifu na mzazi wakae wakubaliane. Shule inabaki na watoto, jiko linaendelea kuwaka. Kwa hiyo mimi nasema ni usalama. Mtoto anasema akishajua kesho yake haijapangwa na mtu mwingine.

#14 Binti Lamu
Ahsante Nyanda. Nimesoma mara mbili.

#15 Mjomba Kazi
Nyanda, hapo sina cha kubisha. Hiyo siyo shule inayochuja, inapokea.

#16 Fundi Bomba
Mimi si mwalimu, nafunga mabomba na matangi mashuleni. Ruhusuni na mimi nitoe yangu.

Kiwango cha Tanzania ni tundu moja la choo kwa wasichana 20, wavulana 25. Kenya ni wasichana 25, wavulana 30. Ingia shule yoyote ya mchanganyiko uhesabu. Kisha angalia milango: komeo lipo? Maji yako wapi? Pipa la kutupia taka lipo ndani au mtoto atembee nazo mkononi mbele ya wenzake? Nimekuta shule ambako vyoo vya wavulana na wasichana vimegawanywa na ukuta mmoja wa matofali, juu wazi. Wasichana hawanywi maji kutwa ili wasiende huko. Mtoto aliyebana haja tangu mapumziko ya saa nne utamfundisha desimali gani?

Shule ya wasichana, hata maskini, ina matundu yote kwao, komeo wanaliripoti wao, na matroni analisimamia kwa sababu hana choo kingine cha kusimamia. Pelekeni hoja zenu zote, lakini pitieni chooni kwanza.

#17 Mzee wa Mchakamchaka
Fundi apewe ubao.

#18 Tausi
Naunga mkono Fundi Bomba, na niongeze jambo analolizunguka kwa adabu. La tano, la sita, ndipo hedhi inapoanza kwa wengi. Msichana anayeogopa doa hatasimama kwenda ubaoni hata kama jibu analo. Kwenye mchanganyiko nilishuhudia mwenzetu akifungwa sweta kiunoni huku wavulana wakicheka, akakaa nyumbani wiki nzima. Nilipohamia shule ya wasichana, kitu hichohicho kilimpata mwenzetu, mmoja akainuka na maji ya ndoo, mwingine na kanga, mwalimu akaendelea kuandika ubaoni. Hakuna aliyeona ajabu.

Kenya iliondoa kodi ya ongezeko la thamani kwenye sodo mwaka 2004, na sheria ya 2017 ikaitaka serikali iwape wanafunzi bure. Tanzania iliondoa kodi hiyo 2018, ikairudisha 2019. Kwa hiyo ukiniuliza, siyo wavulana kuwepo, ni wavulana kutofundishwa.

#19 Mama Furaha
Tausi, hapo umenigusa. Furaha mwenyewe alinieleza habari za ndoo na kanga, sikuzipa uzito wakati ule.

#20 Kimya Kingi
Naona uzi mzima unaimba sifa. Mimi nilipelekwa bweni la wasichana nikiwa na miaka tisa. Darasani nilisema, ndiyo, na hisabati nilipata. Bwenini nilinyamaza.

Wasichana watupu hawamaanishi amani. Kulikuwa na makundi, na kila kundi lilikuwa na mkubwa wake wa la saba. Ukitaka sehemu karibu na bomba unamfulia soksi. Sabuni yangu ya mche ilikatwa vipande usiku nikiwa nimelala. Ukisema kwa matroni unaitwa mbeya, na hapo hakuna wa kuzungumza na wewe mpaka siku ya kutembelewa. Mama alipokuja nilimwambia niko sawa, kwa sababu wao walikuwa wamekaa karibu wanasikiliza. Mkisema "walifunguka midomo", ulizeni pia saa za usiku.

#21 Dada Mkuu Mstaafu
Pole sana, Kimya. Ulichoeleza nimekiona. Na ni kweli vyeo nilivyovisifia ndivyo vinavyoweza kumfanya mtoto wa la saba awe chifu wa bweni. Pale kwetu matroni alikuwa akichanganya vitanda kila muhula, la tano na la saba kitanda kimoja cha ghorofa, makundi hayakupata mizizi. Shule nyingine hazifanyi hivyo.

#22 Mama Furaha
Kimya Kingi, nisaidie kama mzazi. Ningetazama nini siku ya kutembelea?

#23 Kimya Kingi
Mtembeze mbali na wenzake, hata kama ni kwenda kununua soda. Angalia sanduku lake: vitu vinaisha kabla ya wakati wake? Usimuulize "uko sawa?" Muulize analala karibu na nani, na nani anachota maji ya nani. Atajibu mwenyewe bila kujua amejibu.

#24 Mama Furaha
Nashukuru. Nimeiandika.

#25 Bi Maskati
Salamu kutoka Maskati. Wazee wangu walitoka Unguja. Nawaletea kisa kinachompinga mleta mada.

Huku Omani, mwaka 1970, nchi nzima ilikuwa na shule tatu, zote za wavulana. Shule za wasichana zilifunguliwa baada ya hapo, na wanawake wa Kizanzibari waliorudi huku wamesoma wakaingia kufundisha. Katika mfumo wa elimu ya msingi ulioanza 1998, watoto wa darasa la kwanza hadi la nne wanachanganywa, na walimu wao ni wanawake. La tano wanatenganishwa, wasichana kwao, wavulana kwao.

Mabinti zangu walikuwa wasemaji wakubwa tangu la pili, na wavulana wamekaa nao meza moja. Kwa hiyo huku mtoto wa kike alifunguka mbele ya wavulana, kwa sababu aliyesimama mbele ni mwanamke na anamwita kwa jina.

#26 Chaki Nyeupe
Bi Maskati, mimi pia ni mwanamke, na shuleni kwetu walimu wengi ni wanawake. Vidole vya wavulana bado vinatutangulia. Mwalimu wa kike peke yake hatoshi kama ana bahari ya watoto mbele yake.

#27 Msomaji wa Usiku
Bi Maskati amenikumbusha Zanzibar. Shule ya kwanza ya wasichana kule ni ile ya serikali ya 1927, sivyo? Kabla ya hapo hakukuwa na kitu.

#28 Bi Maskati
1927 ni sahihi kwa shule ya serikali. Bibi zetu wengi waliosoma walipita pale. Lakini "hakukuwa na kitu" siyo kweli. Watoto wa kike walikuwa wakisoma Kurani vyuoni, wengine na waalimu wanawake majumbani.

#29 Tausi
Na wamisionari wa UMCA walikuwa na shule ya wasichana Mbweni tangu miaka ya 1870, St Mary's. Wanafunzi wake walikuwa wasichana waliokombolewa kutoka majahazi ya watumwa. Caroline Thackeray aliiongoza kuanzia 1877. Magofu yake yapo mpaka leo, nendeni mkaone.

Ila tusiitaje tu tukapita. Kule Mbweni wasichana waligawanywa: waliojaliwa kusoma wakaandaliwa kuwa walimu na wake wa walimu wa misheni, wengine wakapelekwa upande wa kazi, kufua na kushona. Wote wasichana watupu, hakuna mvulana hata mmoja, na maisha yao yalikuwa yamepangwa na mtu mwingine. Hata ile ya 1927 ilianza na upishi na ushonaji kwa wingi, ndicho kilichowatuliza wazazi. Kwa hiyo Mama Furaha, wasichana kuwa peke yao ni nusu ya habari. Wanafundishwa wawe nani? Hapo ndipo naona uzito.

#30 Mama Furaha
Kushona si kubaya, Tausi. Furaha ameshona kifungo cha baba yake.

#31 Tausi
Kaka yake naye ashone.

#32 Mama Furaha
Nimeshampa sindano.

#33 Nyanda za Kajiado
Nimekumbuka Wangari Maathai. Alitoka Ihithe, shule ya kijijini, akiwa na miaka 11 akapelekwa St. Cecilia's, bweni la wasichana la misheni ya Mathari, Nyeri. Hiyo ni mwanzoni mwa miaka ya hamsini, na hali ya hatari ya wakati wa Mau Mau ikatangazwa akiwa huko, kwa hiyo bweni lilimpa pia ulinzi. Alisimulia mwenyewe kwamba aliyesema Kikikuyu alivishwa kibandiko cha aibu. Alitoka pale Kiingereza kimemkaa. Aliporudi nyumbani bado aliona fahari kushika jembe na mama yake.

#34 Mjomba Kazi
Nyanda umefungua mlango mwingine: lugha. Mtoto hanyanyui mkono kama hana maneno. Shule za serikali Tanzania zinafundisha kwa Kiswahili hadi la saba, halafu kidato cha kwanza Kiingereza kinawaangukia. Waliokuwa wasemaji wananyamaza ghafla, wa kike na wa kiume. Mama Furaha, bwenini wanaongea nini?

#35 Mama Furaha
Kiswahili ruksa bwenini na bustanini. Darasani Kiingereza. Hakuna kibao cha kuvishwa mtu, na kama kingekuwepo ningemrudisha.

#36 Msomaji wa Usiku
Hapa ile klabu ya Tuseme ya FAWE ingefaa. Ilianzishwa mahususi kwa wasichana wa shule za msingi waseme.

#37 Dada Mkuu Mstaafu
Nirekebishe kidogo. Tuseme ilianza 1996 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa walimu wa sanaa za maonyesho, Penina Mlama na Amandina Lihamba. FAWE waliichukua baadaye wakaisambaza nchi nyingine. Na ilianzia sekondari. Wasichana wanachunguza matatizo yao, wanayageuza mchezo wa kuigiza, wanawaonyesha walimu na wazazi. Lakini nakubali, ishuke msingi. Mtoto wa la tano anaigiza kuliko wa kidato cha nne, haoni haya.

#38 Mzee wa Mchakamchaka
Kuna jambo hamjaligusa. Nywele. Shule nyingi za wasichana wote wamenyolewa. Je, siyo hilo? Hakuna wa kusuka Jumapili nzima.

#39 Tausi
Mzee, kusuka ndiko kulikokuwa kunatukutanisha! Unakaa katikati ya miguu ya dada, unasikilizwa shida zako zote.

#40 Binti Lamu
Sisi tulivaa buibui njiani na mtandio shuleni, nywele hazikuwa hoja. Ila Tausi yuko sahihi, ushauri wa maana niliupata nikisukwa.

#41 Dada Mkuu Mstaafu
Kwetu tulinyoa, na sikuipenda siku hata moja. Kichwa kilipigwa na baridi ya Juni, na hesabu zangu hazikupanda kwa sababu hiyo.

#42 Mjomba Kazi
Turudi kwenye hesabu. Kenya walipokuwa na KCPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, kabla haijafika mwisho 2023, matokeo yakitangazwa mara nyingi wasichana waliongoza Kiingereza na Kiswahili, wavulana hisabati na sayansi. Kuna yeyote hapa anayejua wasichana wa shule za peke yao walisimama wapi kwenye hisabati? Hilo ndilo lingetupa jibu.

#43 Nyanda za Kajiado
Hata likipatikana, Mjomba, utauliza nani alichujwa mlangoni. Ndivyo ulivyoanza.

#44 Mjomba Kazi
Nitauliza, ndiyo. Lazima.

#45 Chaki Nyeupe
Wakati mnabishana, mimi nimeanza kitu darasani. Nimeandika majina ya watoto wote kwenye vijiti, vimo kwenye kopo la maziwa. Nikiuliza swali sitazami vidole. Nahesabu kimoyomoyo mpaka kumi wote wafikirie, ndipo nachomoa kijiti.

Wasichana wanajibu. Wengi wanajibu sahihi, kwa sauti ya chini, na naomba darasa litulie mpaka wasikike. Wavulana wawili waliozoea kupiga vidole walinuna, mmoja akaja ofisini kuniuliza kama nina hasira naye. Nikampa kazi ya kutunza kopo. Muda unapotea kidogo, silabasi inanibana. Lakini vile vijibu vya penseli vilivyokuwa vinabaki pembeni mwa daftari sasa navisikia.

#46 Mama Furaha
Chaki, wavulana wako bado wamo darasani na wasichana wanasema. Naona unaponipeleka. Lakini umesema sauti ya chini. Wa kwangu ni ya juu. Tofauti hiyo imetoka wapi?

#47 Dada Mkuu Mstaafu
Vyeo.

#48 Fundi Bomba
Choo.

#49 Bi Maskati
Subira. Wa Chaki wana wiki chache, wa Mama Furaha ana nusu mwaka.

#50 Binti Lamu
Mimi nabaki pale pale: wavulana, na masufuria. Chaki, kijiti chako hakifiki jikoni kwao.

#51 Nyanda za Kajiado
Ndugu zangu, kabla uzi haujalala. Mnakumbuka niliwaeleza kuhusu Desemba. Tunapobaki na wasichana likizo, chakula kinapatikana, walimu ndio hupungua, nao wana familia. Hisabati ya gredi ya 5 na ya 6 inakosa mtu. Kuna aliye karibu na Kajiado anayeweza kuja kushika chaki hata siku moja moja? Shule itafuata taratibu zake za kumkagua mgeni yeyote kabla hajakutana na watoto, na atafundisha akiwa na matroni.

#52 Mjomba Kazi
Niko Kitengela. Jumamosi naweza. Hisabati nilifundisha zamani kabla sijaingia benki. Naleta vyeti na barua ya chifu.

#53 Nyanda za Kajiado
Karibu sana. Nakutumia ujumbe pembeni. Njoo na chaki za rangi, zetu zimeisha.

#54 Chaki Nyeupe
Na vijiti, Mjomba.